MAJI UMECHEMSHA, NA KIDOLE JE?

Ndugu msomaji, mtazame mtoto anayesikiliza hadithi jioni, au yule aliyeambiwa akae kimya mpaka baba amalize mazungumzo na wageni. Mara nyingi utaona kidole kimekwisha fika kinywani. Hanyonyi, la, meno ya mbele ndiyo yanayofanya kazi. Kipande cha ukucha kinakatika, kinatemwa au kinamezwa, kisha kinafuata kidole cha pili. Mama akiona humpiga kofi dogo la mkono na kusema, "Acha uchafu huo!" Mkono unashuka. Baada ya dakika tano umerudi palepale.

Wengi wetu twalihesabu jambo hili kuwa dogo, la kukosa adabu mbele ya watu tu. Leo nataka tulitazame kama jambo la afya, kwa kuwa ndani yake mna fumbo linalozisumbua nyumba nyingi. Mama ananunua mkaa, anachemsha maji ya kunywa, anayachuja kwa kitambaa safi, anayafunika mtungini. Na bado mtoto wake anahara, anaumwa tumbo, anatoka minyoo. Mama anavunjika moyo na kusema kuchemsha maji ni kazi bure. Kumbe huenda njia ya ugonjwa haikuwa kikombe. Ilikuwa kidole.

Nitasema sana habari za Dar es Salaam, na hasa mitaa ya pembeni kama ile ya Kinondoni na Temeke. Msomaji wa kijijini asiseme hayamhusu. Ni ukoo gani siku hizi usio na mtoto anayekaa kwa shangazi yake Mbagala, au kijana aliyepanga chumba Tandale? Likizo ikifika watoto hupanda basi kwenda na kurudi, na tabia pamoja na minyoo husafiri nao bila kulipa nauli. Tena huko Dar es Salaam, na Bagamoyo iliyo jirani yake, ndiko wataalamu walikochunguza mikono ya watu wetu wenyewe.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Wengi wao hawakai katika majumba marefu tunayoyaona kwenye picha. Wanakaa Tandale, Kigogo, Tandika, Mbagala, Yombo: nyumba zimebanana, chumba kimoja familia moja, choo cha shimo kinachotumiwa na wapangaji wote, maji ya madumu yanayosukumwa kwa mkokoteni. Masika yakija, maji ya ardhini hupanda na vyoo hujaa. Hapo baadhi ya wenye nyumba hungoja mvua kubwa, wakatoboa shimo ili uchafu uchukuliwe na maji ya mvua. Wenyewe huita kutapisha choo. Mvua ikikatika, watoto hurudi kucheza gololi katika matope yaleyale, na mchezo wa gololi, kama ujuavyo, ni mchezo wa vidole. Kutoka hapo mtoto hununua embe lililopakwa chumvi na pilipili, au ubuyu wa rangi nyekundu, akala na kulamba vidole kimoja kimoja. Ubuyu ukiisha, anaanza kucha.

Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilizuka jijini humo, na wagonjwa wa kwanza walionekana Kinondoni. Kikaingia Ilala na Temeke, kikatoka hapo kikaenea mikoani hata Zanzibar. Ilipofika Aprili 2016 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa zaidi ya 24,000 nchini, na waliokufa walizidi 370. Sisemi kwamba kucha ndizo zilizoleta kipindupindu. Maji na vyakula vilivyoingia uchafu ndivyo vilivyokuwa njia kubwa. Lakini ugonjwa wa namna hii, pamoja na kuhara damu na homa ya matumbo, una mlango mmoja tu wa kuingilia, nao ni kinywa. Na hakuna kitu kinachoukaribia mlango huo mara nyingi kwa siku kuliko mkono.

Sasa sikiliza waliyoyaona wachunguzi. Mwaka 2011 ilichapishwa habari ya uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam juu ya mikono ya akina mama. Wataalamu walisuuza mikono yao kwa maji safi, wakayapima maji yale yana vijidudu gani, na walifanya hivyo kabla na baada ya kazi za kila siku. Waliona kwamba vijidudu vinavyotoka katika kinyesi huongezeka mkononi si kwa kwenda chooni tu, bali hata kwa kutayarisha chakula, kwa kufagia na kwa kuosha vyombo. Kumbuka hao ni akina mama wenye nyumba, si watoto wa gololi. Mkono ulionawiwa vizuri asubuhi haukai safi mpaka adhuhuri.

Halafu mwaka 2015 ulitoka uchunguzi mwingine, wa Bagamoyo, uliofanywa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani. Hao walipiga hesabu ya uchafu unaoingia kinywani mwa mtoto mdogo kwa njia mbili: kwa maji ya kunywa yaliyowekwa nyumbani, na kwa mkono wake mwenyewe. Jibu la hesabu hiyo ni kwamba mtoto humeza kinyesi kingi zaidi kwa kutia mkono kinywani kuliko kwa maji anayokunywa. Soma tena maneno hayo, mama uliyechemsha maji. Usiache kuchemsha hata kidogo. Lakini ujue umefunga mlango mmoja, na wa pili umeachwa wazi.

Pengine utauliza: kama mkono wote ni mchafu, kwa nini tuseme kucha? Kwa sababu chini ya ukucha pana uchochoro ambao maji na sabuni havifiki kwa urahisi. Mwaka 1988 wataalamu wa Marekani walipima mikono ya watu wazima, wakakuta kwamba chini ya ukucha wa kidole kimoja huwamo bakteria zaidi ya laki mbili kwa wastani, hali sehemu nyingine za mkono zilikuwa na mamia au elfu chache tu. Wengi katika hao hawana madhara. Ni wakazi wa ngozi yetu tangu kuzaliwa. Lakini mahali wanapojificha wenyeji, wageni wabaya nao hupata kitanda. Mtu akinawa haraka haraka kabla ya ugali, viganja vinang'aa na chini ya kucha pamebaki vilevile. Naye anayetafuna kucha huchimbua mahali hapohapo kwa meno.

Habari ya minyoo yataka kuelezwa vizuri, na mniwie radhi kwa kuitaja katika gazeti linalosomwa na watu wa nyumba nzima.

Iko minyoo midogo myeupe, kama vipande vya uzi, ambayo huwapata sana watoto. Hukaa katika utumbo mkubwa. Usiku mtoto akilala, jike hutoka nje kwenye njia ya haja kubwa na kutaga hapo mayai yake, kama elfu kumi, kisha hufa. Mayai hayo huwasha. Mtoto hujikuna akiwa usingizini, mayai yakaingia chini ya kucha, na kwa muda wa saa chache tu yamekwisha kuwa tayari kumwambukiza mtu. Asubuhi anaamka, bado hajanawa, anakaa kizingitini akitafuna kucha huku akingoja uji. Hapo amejipa mwenyewe minyoo mipya. Ndiyo maana wazazi hushangaa: mtoto amekunywa dawa mwezi uliopita, na leo anajikuna tena. Dawa haikukosa nguvu, kidole kimemrudishia. Mayai hayo huanguka pia kwenye shuka na mkeka, nayo huweza kukaa hai wiki mbili au tatu. Kwa hiyo watoto wanaolala pamoja hupeana. Minyoo hii ikionekana kwa mmoja, mganga wa zahanati kwa kawaida hutaka nyumba nzima inywe dawa siku moja, na kurudia baada ya wiki mbili. Mama mwenye mimba amwambie mganga hali yake kabla ya kumeza kitu.

Mchango mkubwa, ule mrefu kama mnyoo wa shambani, una njia nyingine kidogo. Jike moja hutaga mayai kama laki mbili kwa siku, nayo hutoka pamoja na choo. Hayaambukizi siku ileile. Hukaa kwanza udongoni wiki mbili tatu yakakomaa. Choo kikitapishwa, au watu wakijisaidia migombani, udongo wa mahali hapo huwa umepandwa mbegu. Mtoto hucheza, udongo huingia chini ya kucha, na iliyobaki unaijua. Safura si hivyo. Vijidudu vyake hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu, basi usimlaumu mtafuna kucha kwa safura, mnunulie viatu.

Wako wazazi wasemao kwamba mtoto akila kucha, hiyo ndiyo dalili ya minyoo tumboni. Mambo yamepinduliwa hapo. Kutafuna kucha kwaweza kuleta minyoo, lakini minyoo siyo inayomtuma mtoto atafune. Tena wako wanaochanganya tabia hii na kula udongo, ule unaouzwa masokoni na kupendwa na wajawazito. Anayetamani udongo sana yafaa apimwe damu, kwa maana mara nyingi amepungukiwa. Hilo ni jambo la namna yake.

Tuache tumbo, tutazame kidole chenyewe. Ukucha umekaa katika ngozi kama ufito katika udongo wa ukuta. Pembeni pamezibwa vizuri maji yasiingie. Mtafuna kucha hawezi kuacha pembe hizo. Hung'oa kinyama kidogo, damu ikatoka tone moja, na mate yakaingia. Siku ya pili kidole kinavimba, kinagonga kama ngoma, kinatunga usaha. Huyo ndiye mdudu wa kidole, na aliyepata kuugua hahitaji kuelezwa usiku wake ulivyo mrefu. Mwanzo wake hutulizwa kwa kuchovya kidole katika maji ya vuguvugu yenye chumvi mara kadhaa kwa siku. Usaha ukionekana, au wekundu ukipanda mkononi, au homa ikishika, kimbia zahanati. Usitumbue kwa mwiba au sindano ya kushonea, wala usipake majivu au mavi ya ng'ombe. Pepopunda huingia kwa tundu dogo kuliko hilo. Mwenye chunjua kidoleni akitafuna, hizo chunjua huweza kuhamia vidole vingine, hata midomoni.

Meno nayo hulipa. Meno ya mbele ya mtafuna kucha wa miaka mingi huchakaa ncha na kupata nyufa. Kipande cha ukucha kikiingia katikati ya jino na fizi, fizi huvimba, na mtu hutafuta ugonjwa asiujue.

Hapo namsikia bibi mmoja pembeni akiguna. "Sisi tumekula kucha tangu utoto, na tuko hai." Kweli, bibi, na nitakuongezea hoja ambayo hukuwa nayo. Huko New Zealand, katika mji wa Dunedin, watoto zaidi ya elfu moja waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 wamefuatwa na wataalamu tangu utoto hadi utu uzima. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba waliokuwa wakinyonya kidole au kutafuna kucha, walipopimwa ngozi wakiwa na miaka 13, walionekana kusumbuliwa kidogo zaidi na vitu kama vumbi na manyoya ya paka: watu 38 katika 100, na wasio na tabia hizo walikuwa 49. Ati mwili uliozoezwa uchafu mapema hauogopi vumbi. Lakini uchunguzi huohuo haukuona tofauti yoyote katika pumu wala mafua ya mzio. Tena Dunedin ni mji wenye mabomba na vyoo vya maji. Uchafu wa kucha za mtoto wa Dunedin na uchafu wa kucha za mtoto wa Tandale wakati wa masika si mali ya duka moja. Mimi hoja ya bibi naiheshimu, ila sioni sababu ya kumwachia mjukuu.

Basi tufanyeje? Fimbo imejaribiwa sana, na imeshindwa sana. Sababu yake si ngumu. Madaktari hukadiria kwamba watu 20 hadi 30 katika kila 100 hutafuna kucha, wakubwa kwa wadogo, na wengi wao hawajui wanapoanza. Mkono huenda wenyewe wakati wa woga, wa kungoja, wa kufikiri hesabu ngumu, au wa kukaa bila kazi. Mtoto aliyepelekwa mjini kwa ndugu, nyumba ngeni, shule ngeni yenye watoto wengi darasani, hutafuna zaidi. Ukimpiga umemwongezea woga, na woga ndio uliomtuma. Afadhali umwulize ana nini.

Dawa ya wazee ni kupaka kitu kichungu, shubiri au maji ya majani ya mwarobaini, kama apakavyo mama anayemwachisha mtoto ziwa. Si vibaya. Uchungu humkumbusha mtoto kwamba kidole kimefika kinywani, na kukumbushwa ni nusu ya kazi. Pilipili usipake. Mtoto atajifikicha macho, na hapo utakuwa umemtesa kwa kosa lisilostahili.

Nusu ya pili waliieleza wataalamu wawili wa Marekani, Azrin na Nunn, mwaka 1973. Walisema tabia ya mkono haiachwi kwa kukatazwa tu. Yapaswa mkono upewe kazi nyingine isiyoweza kwenda pamoja na ile. Kwanza mtu ajifunze kutambua anapoanza: ni wakati gani, mahali gani, kidole gani. Akisikia mkono unapanda, afumbe ngumi, au ashike kitu kwa nguvu, kwa muda wa dakika moja hadi tatu, mpaka hamu ipite. Sisi tunazo kazi za mkono tele. Mtoto anayesikiliza hadithi apewe ukindu wa kusuka, mahindi ya kupukuchua, maharage ya kuchambua. Na akishinda siku moja, asifiwe siku hiyo. Tabia ya miaka mitano haiishi kwa wiki moja, wala mzazi asihesabu kurudi nyuma kuwa ukaidi.

Na wakati tabia inapigwa vita polepole, kucha zikatwe. Ukucha mfupi hauna cha kung'olewa na meno, wala hauna uchochoro wa kufichia udongo. Kaskazini ya Ethiopia walilijaribu jambo hili kwa watoto wa shule 367, na matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Watoto walitibiwa minyoo kwanza, kisha baadhi ya nyumba zikapewa sabuni na kufundishwa kunawa, baadhi watoto wao wakakatwa kucha kila wiki, baadhi yote mawili, na baadhi zikaachwa kama zilivyo. Baada ya miezi sita, waliokatwa kucha 17 katika 100 walikuwa wamepata tena vimelea vya tumboni, na wasiokatwa 26. Kwa sabuni walikuwa 14, na wasiopewa sabuni 29. Wembe na kipande cha sabuni! Wala si hospitali kubwa iliyofanya kazi hiyo.

Siku inayofaa ni Jumamosi jioni, watoto wanapooshwa kwa ajili ya Jumapili. Lakini wembe mmoja usipite vidole vya watoto wote wa nyumba. Ukigusa damu waweza kupitisha homa ya ini na hata virusi vya UKIMWI. Mkasi mdogo wa kucha ni salama kuliko wembe, nao uoshwe kwa sabuni kabla ya kumfikia mwingine. Usikate mpaka kwenye nyama.

Kunawa kwenyewe, ndugu zangu, tuache beseni moja. Mgeni anachovya, baba anachovya, na mtoto wa mwisho ananawa supu ya mikono ya wote. Maji yamiminwe. Penye shida ya maji, kibuyu chirizi ndicho mkombozi, na fundi wake aweza kuwa mtoto wa darasa la nne. Chukua dumu la lita tatu au tano. Toboa tundu dogo ubavuni, karibu na mdomo, kwa msumari uliopashwa moto. Litundike kwenye kijiti kilicholazwa juu ya nguzo mbili. Funga kamba shingoni mwa dumu, na ncha ya pili uifunge kwenye kijiti cha kukanyagia chini. Ukikanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika, ukiachia, yanakoma. Hakuna mkono unaogusa dumu. Sabuni itobolewe na kutundikwa kando kwa kamba, mbuzi asiile. Kisha mfundishe mtoto kukwaruza kucha za mkono mmoja juu ya kiganja cha mwingine chenye povu, maana hapo ndipo sabuni inapoingia katika ule uchochoro tuliousema.

Mtoto akiacha, usitazamie kucha nzuri kesho. Ukucha wa mkono huota kama milimita tatu kwa mwezi, na kutoka shinani hadi nchani huchukua miezi sita hivi. Aliyeacha wakati wa kupanda mahindi, kucha zake nzima utaziona mavuno yakiwa yamekwisha ingia ghalani. Ule wa kidole gumba cha mguu huchukua mwaka mzima na zaidi, ila wenye kuweza kuufikisha kinywani ni watoto wachanga tu.